Siku Nilipomwekea Kocha Meza ya Matanga

Aibu hii nimeibeba tangu miaka ya tisini na sikuwahi kuimwaga mbele ya watu, lakini mmenishikilia, basi sikilizeni, na mkitaka kucheka chekeni mapema, kwa sababu huko mbele hakuchekeki.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nimerudi Kaloleni likizo na kichwa kimejaa maarifa (mnamjua kijana wa chuo akirudi mtaani, anaona kila kitu kilikuwa kinamngoja yeye). Kocha Wekesa alikuwa hatoki tena nyumbani. Huyu ndiye mzee wa reli aliyetufundisha sote kabumbu kwenye uwanja ulio nyuma ya ukumbi wa mtaa, bure, jioni baada ya jioni, na sasa ugonjwa wa sukari ulikuwa umemla mguu, kidonda hakifungi, na daktari alishasema asipopasuliwa haraka mguu huo utamwondoa. Nikasema nitaandaa mashindano, timu nne, Jumamosi moja, kila anayekuja atoe chochote ili Kocha apasuliwe. Yeye mwenyewe angekuja kupiga mpira wa kwanza kwa mguu ule mzima. Alifurahi mpaka akamwomba mkewe, Mama Nekesa, alitoe koti lake la reli alipige pasi.

Likabaki swali la mchango. Watu wetu wakija mpirani hawatoi kitu, wanapanda ukuta. Lakini (na hapa ndipo akili yangu ya chuo ilipoanza kuniponza) tangu utotoni nilikuwa nimeona kuna meza moja ambayo hakuna anayeipita mikono mitupu, nayo ni meza ya matanga. Mtu akifa, kamati ya mtaa inaweka meza kando ya njia, kitambaa cheupe, picha ya marehemu, ua la plastiki, daftari na sahani, na hata mlevi akifika hapo anasimama na kupapasa mfuko. Basi Jumamosi asubuhi nikaenda stoo ya ukumbi nikaichukua meza ile ile na vitu vyake vyote, nikaiweka kwenye njia ya kuingilia uwanjani. Picha ya Kocha nilikuwa nayo, amevaa tai, hacheki. Nikaandika kwenye kadibodi, "Tumsaidie Kocha Wekesa," lakini nani anasoma kadibodi akishaona ua?

Wa kwanza kupita alikuwa mama muuza omena kutoka Kariobangi. Alilitua karai lake, akaitazama picha, macho yakajaa.

"Uuwi, hata Kocha ameenda? Pole sana, mwanangu. Mungu amlaze pema."

Nilielewa. Sitawadanganya, nilielewa pale pale. Nilifungua mdomo nimwambie, mama, Kocha yuko hai, anapigiwa koti pasi, lakini alikuwa ameshafungua fundo la leso na kuweka noti, tena si ndogo, akaondoka akijifuta machozi, nami nikafunga mdomo. Rafiki yangu Oti, niliyeketi naye mezani, akanigusa kiwiko.

"Maze, huyu mathe anadhani mzee amededi."

"Tulia. Tutawaambia mechi zikiisha."

"Na wakikasirika?"

"Wakasirike kwa sababu yuko hai?"

Habari ikasambaa kuliko tangazo lolote ambalo ningeweka. Sahani ikajaa, Oti akaenda kutafuta karai. Wazee wa reli walikuja wameshika kofia mikononi, akina mama wakaja na matawi wakilia, na waliotaka kwenda kuifariji familia niliwaambia wangoje, tutaenda sote baadaye (uongo wa pili, huu nao ulitoka bila kukwama). Refa aliyetoka Makongeni akaninong'oneza akiuliza kama tuwe na dakika moja ya kimya kabla ya kuanza. Mimi, mwandalizi, nikatikisa kichwa kukubali.

Uwanja mzima ukasimama kimya. Katikati ya kimya hicho nikasikia gurudumu linalia. Mama Nekesa na jirani yao walikuwa wanamleta Kocha kwa mkokoteni, amekaa wima ndani ya koti lake, mguu umefungwa kitambaa kisafi. Kuona watu wameinamisha vichwa, naye akavua kofia, akainamisha chake, akamuuliza mzee aliyekuwa karibu naye kwa sauti ya chini:

"Ni nani ametuacha?"

Mzee yule aligeuka, akarudi nyuma hatua tatu, akaanguka. Mwanamke mmoja akapiga ukemi, watu wakatawanyika wakikanyagana, kisha mtu fulani akaanza kucheka, na kile kicheko kiliniumiza kuliko ukemi. Mama Nekesa alikuwa ameshaiona meza.

"Nani amemweka mume wangu hapa?"

Vidole vyote vilinielekea, hata cha Oti.

"Kwetu aliye hai haliliwi," akasema, akaliangusha ua chini. "Umemwitia kifo."

Kocha hakupaza sauti. Aliniita, nikaenda.

"Kijana, ungeniambia ningekuja nikae kwenye hiyo meza mwenyewe. Watu wangeniona usoni. Sasa rudisha."

Tukarudisha, na waliojipanga kuchukua walikuwa wengi kuliko waliotoa. Mpira wa kwanza haukupigwa. Baadaye nilijaribu kupita nyumba kwa nyumba kumwombea Kocha mchango wa haki, lakini nilichekwa mlango baada ya mlango.

Kocha alifariki kabla sijamaliza mwaka wa pili. Kamati ikaitoa meza, na Mama Nekesa akatuma niitwe.

"Wewe ndiye unayeijua kazi ya hii meza," akasema. "Kaa."

Nikakaa tangu asubuhi na picha ile ile. Watu walipunguza mwendo, wakanitazama, wakapita. Nilikuwa sijawahi kuona meza ya matanga ikipitwa. Mchana akaja yule mama wa omena, akalitua karai.

"Na leo?"

"Leo ni kweli, mama."

Alinitazama usoni.

"Hata siku ile uliniangalia hivi hivi," akasema, akajitwika karai akaenda zake.

Sijaandaa tena mashindano, hata ya karata. Na mtu akinipa pole isiyo yangu namrudishia hapo hapo, kabla mkono haujafika kwenye leso.