Kul-huwallahu ya Kumi na Moja

Silima wa Bi Mwatima alikuwa na saa ya mkononi, ya rangi ya dhahabu, aliyoletewa na shemegi yake kutoka Omani. Aliivaa Idi mbili na harusini, basi. Baharini hakuihitaji, na ungemwambia aivae angekucheka mpaka uone haya, kwani wapiga mbizi wa Kojani saa yao i mdomoni. Mmoja akishuka chini kutafuta majongoo ya pwani, mwenziwe anayebaki juu ya chombo hushika kamba na kusoma Kul-huwallahu, ile sura fupi ya Kurani, taratibu, herufi kwa herufi, moja ikisha nyengine. Mwanamume wa kawaida huibuka kwenye kumi na tano. Silima alikuwa akiibuka kwenye ishirini na tano, na mwaka mmoja, wakiwa dago, kambi ya wavuvi, huko Mtwara, aliibuka kwenye ishirini na nane, damu inamtoka puani, naye anacheka.

Hiyo ndiyo sifa yake, na hakuwa na nyengine. Skuli aliiacha darasa la nne. Sikio la kushoto lilikufa kwa kuzama, ukimwita upande huo ulikuwa unajisumbua bure. Bati la nyumba yake lilivuja kila masika na kila masika aliapa kulibadilisha. Lakini akipita baina ya nyumba, pale zilipobanana hata watu wawili hawapishani, walimtania: "Silima, leo umekuja kuvuta hewa?" Naye akajibu, "Nimekuja kuwaonea huruma nyie mnaoivuta kila saa."

Mungu alimpa mtoto mmoja, Asya, baada ya mimba tatu za mkewe Mwanawema kuharibika. Na hapa ndipo watu walipomsema. Mtoto wa kike, badala ya kukaa na mama yake kusuka ukili, baba akamtia baharini hata meno ya utoto hayajamwisha. Akamfundisha kuvuta pumzi za haraka haraka kabla ya kuzama, ishirini, thelathini, mpaka vidole vimfe ganzi, kama yeye mwenyewe alivyofundishwa na baba yake. Akamfundisha kukaa chini akashika jiwe, atulie tuli, kwani mwenye kujitupatupa huimaliza pumzi upesi. Bi Mwatima, mama yake Silima, akanuna.

"Silima, huyo ni mtoto wa kike."

"Mama, maji hayajui hayo."

"Mimi najua," akasema bibi wa watu, akageuza uso.

Alipotimiza miaka kumi Asya alikuwa akiibuka kwenye Kul-huwallahu ya kumi. Watu wazima wenye ndevu zao waliokuwa hawafiki kumi na mbili wakaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Baba yake alivimba kichwa, asikuambie mtu. Na mtoto, kwa kuwa alijua pa kumshika babake, akamwambia siku moja mbele ya sahani ya muhogo, "Baba, nikifika kumi na moja unanichukua dago."

"Ukifika kumi na moja nakuchukua, wallahi."

Mwanawema alikuwa anamimina mchuzi. Alidhani ni maneno ya kulia muhogo.

Sasa huko kaskazini, upande wa Makangale, palikuwa pamejengwa hoteli moja kubwa ya michezo ya maji, wakiiita Mawimbi Saba. Baharini mbele yake waliweka maboya, na minyororo ya maboya ikasokotana chini na kukatalia. Mafundi wao wenye mitungi ya hewa walihangaika siku mbili. Meneja, Bwana Usama, akaambiwa kuna mtu Kojani. Silima akaenda, akashuka bila mtungi wala chochote, asubuhi moja tu minyororo ikawa imefunguka. Bwana Usama alifurahi akamwandikia kadi: siku mbili za Idi, yeye na familia yake, kula, kulala na kuoga, wageni wa hoteli.

Kadi ile ilizunguka Kojani nzima mpaka ikachakaa pembe kabla safari haijafika. Waliondoka siku ya pili ya Idi, wakavuka maji, wakapanda gari mpaka Konde, wakaukata msitu wa Ngezi. Bi Mwatima alikataa kwenda. Alisema watu waliozungukwa na bahari kusafiri kwenda kuoga ni kukosa kazi, na kwa hilo tu alikuwa amesema kweli kuliko sote.

Siku ya kwanza ilikuwa nzuri, na lazima isemwe, maana baadaye watu walihadithia kana kwamba tangu mwanzo kulikuwa na mkosi. Hapakuwa na mkosi. Palikuwa na mitelezo ya rangi, mirefu kama minazi, na mto wa kuchimbwa uliokuwa ukizunguka na kujirudia, watu wamekaa ndani ya mipira wanapelekwa tu. Mwanawema, na gauni lake la dira na ushungi wake, alikataa mtelezo mara tatu, mara ya nne akapanda, akashuka anapiga mayowe kijiji kizima kingesikia, akapanda tena. Silima hakuwahi kumwona mkewe anacheka vile tangu mimba ya mwanzo iharibike. Usiku wakala kuku na viazi, na Asya akaweka mfukoni vijiko viwili vya plastiki kumpelekea bibi yake.

Asubuhi ya pili Asya akaliona bwawa la kina. Lilikuwa peke yake nyuma ya mitelezo, maji yake yamesafika hata ungeokota sindano. Kando yake kulikuwa na bango la Kiswahili: MARUFUKU KUSHINDANA KUBANA PUMZI. Silima alilisoma kwa shida, kisha akacheka kwa sauti. Mlinzi wa bwawa, Damian, mtu wa bara mwenye watoto wawili Muheza, alikuja kumwamkia.

"Shikamoo mzee. Hapa kina chake ni mita nne. Mtoto anajua kuogelea?"

"Huyu? Huyu mtoto wa Kojani, bwana. Akufundishe wewe."

Damian akacheka kwa adabu, akarudi kitini pake, lakini macho hakuyaondosha.

Silima alichota maji kwa kiganja, akayaonja, akatema. Matamu, na yana dawa. Hapo, jamani, hapo palitosha kumzindua! Mtu aliyekula chumvi ya bahari miaka thelathini anajua kwamba chumvi humwinua mtu, hata aliyezimia. Kojani wamesimuliana hivyo tangu enzi: ukizidiwa, bahari itakurudisha juu, wenzio watakudaka. Maji matamu hayamrudishi mtu. Silima alilijua hilo kama anavyolijua jina lake, ila siku ile lilikaa mbali, akili yake yote i kwenye kumi na moja.

Asya alivuta zile pumzi za haraka, thelathini kamili, akamkonyeza baba yake, akazama. Chini kabisa palikuwa na wavu wa chuma, akaushika kama ashikavyo jiwe, akakaa.

Silima akachutama ukingoni, akaanza kusoma.

Wageni walianza kusogea. Kwenye ya tano mtu mmoja akauliza kuna nini, akaambiwa. Kwenye ya nane wakatoa simu. Kwenye ya kumi na moja Silima akainua mkono juu mbele ya watu wote wale, watu wa Unguja, watu wa bara, Wazungu, akasema, "Mwanangu huyo!" Wakapiga makofi.

Asya hakuibuka. Mikono ilikuwa imeuachia wavu, lakini alikuwa amelala pale pale chini, ametulia. Baba yake akafurahi zaidi. Kumbe ana akiba, akajisemea, kumbe amekuwa akinificha. Kumi na tatu. Kumi na nne.

Damian alikuwa ameshasimama. "Mzee, mtoto haibuki."

"Hajamaliza."

"Mzee, mimi nashuka."

Silima akamshika kifundo cha mkono. Alikuwa na mkono wa kuvuta nanga, na ukikushika umekushika. "Usimharibie! Unamwona anatapatapa? Mfa maji haishi kutapatapa. Yule katulia."

"Wanaozama hutulia, mzee! Niache!"

Mwanawema alikuwa anakuja mbio kutoka kwenye mitelezo, analia, "Baba Asya, mtoe! Mtoe mwanangu!" Alikuja kwa upande wa kushoto, na upande wa kushoto Silima hakusikia kitu. Midomo yake iliendelea kusoma. Walivutana, sura baada ya sura, mpaka Damian akampiga ngumi ya kifua, akachomoka, akajitupa majini, na Silima alikuwa ameimaliza ya ishirini na tatu.

Damian alimtoa, akamlaza, akamkandamiza kifua, akampulizia, asiache. Maji yalitoka mdomoni mwa mtoto. Pumzi haikurudi. Walimpakia gari la hoteli, na njia nzima ya msitu Silima alimpulizia mwanawe, yeye mwenye kifua cha kutamaniwa Pemba nzima, alipuliza mpaka akaona kiza. Spitali daktari aliwasikiliza maneno mawili matatu tu, akafanya kazi yake, kisha akavua glavu.

Mwanawema alikuwa amekaa sakafuni kwenye ukumbi, ushungi umemwangukia mabegani. Alimtazama mumewe akamuuliza, "Ulisoma ngapi?"

Mwanamke wa Kojani anajua hesabu ile kama wanaume. Silima angeweza kudanganya, hakuna aliyekuwa akihesabu ila yeye.

"Ishirini na tatu," akasema.

Mwanawema akatikisa kichwa pole pole, kama mtu aliyetajiwa bei ya kitu asichoweza kukinunua, akajifunika ushungi.

Walimzika Kojani jioni ile ile. Watu walisema kudra ya Mungu, na walisema ajali haina kinga, na walisema kila wanalosema watu. Mbele yake hakuna aliyemlaumu. Nyuma yake walimsema, na Bi Mwatima, aliyekuwa na haki kuliko wote ya kusema, hakusema. Alivikuta vile vijiko viwili vya plastiki ndani ya mfuko wa nguo za Idi, akaviosha, akaviweka kabatini.

Siku ya hitima alikuja Damian. Alivuka kwa mashua ya abiria, peke yake, akasimama mlangoni na viatu mkononi, hajui akae wapi. Silima aliinuka kumpokea. Waliposhikana mikono aliona kwenye kifundo cha yule bwana alama nne zilizovilia damu, za vidole.

"Nisamehe, mzee," Damian alisema, machozi yanamtoka waziwazi. "Ilinipasa nikuvunje mkono. Ningekuvunja tangu mwanzo."

"Ungenivunja, mwanangu. Mungu shahidi, ungenivunja."

Akamketisha ubavuni pake, upande wa kulia, akamtilia pilau kwa mkono wake.

Huu sasa mwaka wa pili. Silima haendi baharini. Amelima muhogo kipande cha ng'ambo, analima vibaya, majirani wanamsaidia bila kumwambia. Vijana wakishindana kuzama gatini, yeye hupita njia nyengine. Mwanawema hakuondoka, ingawa kwao walikuja kumchukua mara mbili. Anapika, anafua, anasuka ukili wake. Maneno anayomwambia mumewe ni ya chumvi na kuni.

Kila baada ya Magharibi Bi Mwatima huwaita wamrehemu mtoto. Ada ya kwetu maiti husomewa Kul-huwallahu kumi na moja, na thawabu zake akatumiwa huko aliko. Bibi husoma zake kwa kunong'ona. Silima husoma zake kwa sauti, kwa ile sauti ya chomboni, taratibu, herufi kwa herufi, moja ikisha nyengine. Akifika ya kumi hunyamaza. Hukaa vile vile, amechutama kwenye mkeka, shingo ameielekeza chini, anangoja.

"Malizia, mwanangu," Bi Mwatima humwambia. "Imebaki moja. Zimfikie mtoto."

Hamalizii. Haijawahi hata siku moja akaimaliza.

Basi ile ya kumi na moja huisoma Mwanawema, kutoka chumbani, nyuma ya pazia, kwa sauti ya kumfika mtu asiye na sikio moja. Kisha hamsemeshi tena mpaka kesho.