Foto ya Nyani Iliniharibia Kilima

Bandugu, leo nilipoteza kilima muzima juu ya nyani!

Nilipanda miye peke yangu asubui, kwa ile kilima yenye inaangalia lac Tshangalele, ile ziwa yetu. Mu sac yangu ya mugongo: mayi, bukari (ugali), samaki, na jumelles ya papa ya kuangalia mbali.

Kule yulu, mama eh! Lac yote iko chini, inang'ara. Swala moya kadogo ilipita karibu yangu, hata haikukimbia.

Kisha nyani zikakuja. Mama, na mutoto mu mugongo.

Nikalala na tumbo chini, nikapiga foto polepole.

Saa ya kushuka, nakuta bapapa batatu mu njia, bakreseri, bale banachimbaka shaba, na mapiki yabo ya kuchimbia.

— Patron, uliona nini kule?
— Nyani, papa.

Bakacheka mpaka machozi.

— Muntu wa muji ya Likasi apande kilima peke yake, alale chini, aangalie majiwe na jumelles… juu ya nyani?

Nikakasirika kidogo. Nikamuonesha moya wabo foto.

Ule papa akaivuta karibu ya macho.

— Ile jiwe yenye nyani anaikalia. Iko vert, kijani ya shaba.
— Ni majani tu, papa!

Bote batatu balishaanza kupanda. Mbiombio.

Sasa niko mu nyumba, roho inaniuma.

Siku ingine nitasema naenda kuomba Mungu mu mulima. Muntu wa kuomba, hapa kwetu, hakuna mwenye anamufuata na piki.

Weye ungesema nini?

Ile mutoto ya nyani nilimuacha analala kulekule, yulu ya ile jiwe.