Alipokaa Vieno

Elma Ruona alikuwa mpishi wa shule yetu hadi alipostaafu. Mimi ni jirani yake, na kila Jumamosi tunaoga sauna, chumba cha mvuke wa mawe ya moto, pamoja, kwake au kwangu. Mambo haya alinieleza huko kwenye sauna, kidogo kidogo, kila akimwaga maji kwenye mawe.

Huku kwetu kaskazini ya Michigan, Novemba ikifika hakuna harusi wala mkutano wa kanisa. Watu wako msituni wanamtafuta kulungu. Baba yake Elma hakuwa na mtoto wa kiume, alikuwa na mabinti wawili tu, Vieno na Elma, basi akawafundisha hao bunduki. Wanaume pale dukani wakamcheka. "Ruona, siku hizi unawinda na sketi?" Mzee akawajibu, "Kulungu akifa hamuulizi aliyempiga kavaa nini." Majira yale mabinti wakarudi na dume la pembe nene, na kicheko kikaishia hapo.

Hawakuwa na shamba lao la kuwindia. Waliwinda msitu wa serikali, ambao kila mwenye kibali anaingia. Kuna kinamasi cha mierezi iliyosongamana kiasi kwamba ukinyoosha mkono humwoni ndege aliyetua kwenye kidole chako. Kulungu wakubwa hujificha mle. Ukikaa peke yako utazeeka ukiwangoja watoke. Ndiyo maana wawili hawa walikuwa na mtindo wao: Elma, mwenye miguu imara, alipita katikati ya kinamasi polepole akiwakurupusha, na Vieno alikaa upande wa pili, kwenye mwinuko, chini ya msonobari mkubwa ulioinama. Kulungu wakitoka, hutokea hapo. Miaka nenda miaka rudi, Elma alitembea na Vieno akapiga. Nyama waligawana nusu kwa nusu, na ugomvi wao ulikuwa mmoja tu.

"Dada, leo nikae mimi."

"Ukae wewe, atembee nani? Mimi na kifua hiki?"

Kifua chenyewe ndicho kilichowatenganisha. Baridi ilimlaza Vieno hospitali mara mbili, na daktari akamwambia atafute hewa kavu. Mwanawe anaishi Arizona, akamchukua. Elma alimpeleka uwanja wa ndege kwa pikapu yake. Njia nzima walizungumzia bei ya viazi.

Tangu hapo Elma hakupata kulungu. Kila Novemba alivaa koti lake la rangi ya chungwa, ambalo kila mwindaji sharti avae ili aonekane, akachukua bunduki, akaingia kinamasini, akakipita mpaka upande wa pili kama zamani. Hakuna aliyekuwa akimngoja. Nilimwambia, "Mama Ruona, si uende ukakae mahali pa dada yako, upate nyama?" Akasema, "Pale ni pa Vieno." Akamwaga maji mengi mno, tukakimbia nje wote wawili.

Mwaka jana alikuwa katikati ya mierezi, theluji imefika magotini, aliposikia kishindo mbele yake. Akauona mkia mweupe ukiruka na kupotea. Kulungu alifuata njia ileile ya siku zote. Elma akasimama. Kisha, kutoka kwenye mwinuko, mlio mmoja wa bunduki.

"Nilimwita," aliniambia. "Nilisema Vieno, kwa sauti, kama kichaa."

Akakimbia na magoti yake mabovu, akianguka na kuinuka. Alipotokeza aliona koti la rangi ya chungwa chini ya ule msonobari. Mwenye koti akageuka. Alikuwa mwanamume wa makamo, ndevu zimeganda barafu.

"Samahani mama," akasema. "Nimekaa mahali pako?"

Elma alihema kwanza. "Pa serikali hapa," akasema. "Kaa utakapo."

Jina lake Leland Stroud, dereva wa lori, ametoka kusini kwenye viwanda vya magari. Kaka yake aliyekuwa akiwinda naye alikuwa amefariki kiangazi, naye akaona aje mahali asipojulikana. Dume alikuwa ameanguka hatua chache kutoka pale. Walimtoa matumbo pamoja, wakamburuta kwa kamba hadi barabarani, wakipumzika kila mara na kula mkate wa iliki wa Elma.

"Nani alikuwa akimkurupusha?" Leland akauliza.

"Mimi."

"Basi nusu yako."

"Sitaki nusu ya mtu."

"Hutaki nini wewe? Nyama au mimi?" Elma akacheka, jambo lililomshangaza mwenyewe. "Sikiliza, mama," Leland akaendelea. "Kesho mimi nitembee, wewe ukae. Kibali chako bado hujakitumia."

Asubuhi Elma alikwenda. Ndiyo mara yake ya kwanza kukaa chini ya ule msonobari. Penye shina palikuwa na bonde laini, limechimbwa na makalio ya dada yake. Akainua macho. Kutoka chini kinamasi kilikuwa ukuta, lakini kutoka pale kilikuwa na mwanya, na nyuma yake mwanya mwingine. Na katika mianya hiyo, mbali kabisa, doa la rangi ya chungwa lilikuwa likija. Likipotea, likitokea. Likianguka, likisimama, likijikung'uta theluji.

Vieno sikuzote alimwambia, "Humo ndani sikuoni hata kidogo, napiga bahati tu."

Elma hakulitoa jicho kwenye lile doa. Leland alipofika juu akihema alifoka, "Mama! Amepita hapo hapo mbele yako! Jike kubwa! Ulilala?"

"Sikumwona," Elma akasema, akijifuta uso kwa glavu.

Nusu ya dume aliichukua safari hii. Jioni, nyama ikiwa jikoni, akampigia simu Vieno.

"Kumbe ulikuwa unaniona, mwongo wewe."

Vieno akadakia, "Nani kakukalisha mahali pangu?"

"Ulikuwa unaniona?"

"Njia nzima. Ukianguka kwenye kile kijito nilikuwa nacheka mpaka naogopa kulungu atanisikia."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungetembea kwa maringo." Vieno akakohoa, ingawa alikuwa jangwani. "Huku hakuna mti hata mmoja wa kukuficha, Elma. Naona mbali, na hakuna anayekuja."

Elma akakaa sakafuni, simu sikioni.

"Theluji imefika wapi?" Vieno akauliza.

"Magotini."

"Ya unga au ya maji?"

"Ya unga. Juu imeshika ganda jembamba."

"Niambie yote," Vieno akasema, na Elma akaanza kumweleza, tangu pale alipoegesha pikapu.