Kaburi la Tatu Kibanjani

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Ilikuwa hapa hapa Rugu. Nilikuwa darasa la nne, miguu imejaa vumbi na kichwa kimejaa kiburi. Kesho yake tulikuwa na jaribio la historia, nami nimekaa nyuma ya nyumba nakariri majina ya Wazungu waliopita nchi hii wakitafuta mito, kana kwamba mito ilikuwa imepotea.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa anamenya ndizi. Akaniita.

"Njoo tumenye, halafu nikutembeze kibanjani. Nikuonyeshe nani amelala wapi."

Kwetu wafu tunawazika kwenye kibanja, shamba la nyumbani, katikati ya migomba, na juu ya kaburi tunachomeka omuramura, ule mti mwembamba usiokubali kufa kwa jua. Saruji hatukuwa nayo, maandishi hatukuwa nayo. Jina la marehemu linakaa mdomoni mwa aliye hai, basi.

"Bibi, nina jaribio," nikamjibu bila kuinua macho. "Mambo ya migombani hayaulizwi."

Akacheka kidogo. "Haya, msomi. Kitabu kitakungoja. Mimi sijui."

Jaribio nilifaulu, nikapigiwa makofi darasa zima. Bibi sikumfuata kesho yake, wala keshokutwa. Kabla maharage hayajakomaa, akafa. Mwaka ule ule nikaacha shule, nikashika jembe. Wale Wazungu nimewasahau wote, hata mmoja hajabaki.

Nikaolewa Nyakatuntu, nikafiwa na mume, nikarudi kwenye kibanja cha baba. Nikakuta omuramura umesimama njiani mwa miche yangu ya kahawa. Nikasema huu ni wa mpaka wa zamani. Nikaung'oa. Jirani mmoja mzee akaja mbio na fimbo yake.

"Wewe mama! Umemng'oa mtu!"

"Mtu gani?"

Akalitazama shimo. Naye hakujua.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu alikuja na daftari mkononi. Kokugonza, mtoto wa binti yangu, yuko kidato cha kwanza, analala bweni.

"Shikamoo bibi. Jumatatu tuna jaribio la historia. Mwalimu kasema masimulizi ya wazee nayo ni chanzo cha historia. Nisimulie makaburi yetu."

Mwanangu, miaka mingapi nimekaa nikisubiri mtu aniulize kitu! Niliinuka kama msichana. Kaburi la kwanza, bibi yangu. La pili, baba. Tukafika kwenye mti wa kahawa niliopanda pale nilipong'oa omuramura.

"Na hapa?"

"Kuna mtu. Simjui."

"Hata jina, bibi?"

"Hata jina."

Akaandika. Nikamwambia anisomee. Akasoma polepole, kama anayeogopa kunichoma: "Kaburi la tatu, bibi hajui, kwa sababu siku alipoitwa alikuwa anasoma."

Nilitaka kumwambia afute. Mimi si mtu wa kuchekwa na walimu. Lakini nikamwacha afunge daftari. Ndivyo ilivyokuwa.

Kokugonza amerudi shuleni. Mimi namenya ndizi peke yangu, nayataja majina yale mawili nikikiambia chungu, maana hakuna mwingine wa kuyasikia. Nikipita kwenye mti ule wa kahawa nasema, "Na wewe, nisamehe."

Basi sikia, mwanangu. Soma, soma sana, sitaki uwe kama mimi. Ila mzee akikuita umenye naye ndizi, beba daftari lako ukamenye. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na cha mzee kiko chini, pale kwenye maganda. Usimwambie kesho. Kesho si yake.

Mungu akupe akili ya darasani na masikio ya jikoni. Na siku utakapolala chini ya migomba, awepo mtu wa kukutaja jina.