Kaburi la Mangi Kisaroi

Jirani yangu hapa Themi hufagia uwanja wake kila alfajiri kwa fagio la njiti. Krr, krr, krr, kisha kimya kidogo anapoinama kuokota jani lililogoma, kisha krr tena. Mwingine angelalamika. Mimi hubaki kitandani nikisikiliza, na kabla sijajua nimesharudi kwenye mteremko wa Mlima Meru, juu ya Makumira, kwenye harufu ya udongo mweusi uliolowa na moshi wa majani makavu ya migomba. Shangazi Ndeshi ameinama pale, anafagia kaburi la mfalme.

Nasema mfalme ili mnielewe. Sisi tulimwita Mangi. Mangi Kisaroi ndiye, kwa maneno ya wazee, aliyewaleta watu wetu kutoka Usambara, enzi ambazo hakuna aliyeweza kuzihesabu, akitembea mbele na fimbo mbichi ya sale mkononi. Kila walipolala aliichomeka ardhini, asubuhi akaing'oa, safari ikaendelea. Walipofika kwetu aliichomeka kama kawaida, na kulipokucha ikawa imeshika mizizi, imekataa kung'oka. Akasema, basi, ni hapa.

Kwa wasiolijua, sale ni mmea wa majani marefu ya kijani, na kwetu una kazi nyingi kuliko mtendaji wa kijiji. Hupandwa mipakani mwa mashamba na huzungushwa makaburini. Mtu aliyekukosea akikuletea jani lake, huna ruhusa ya kumkatalia msamaha. Na anayeapa akiwa amelishika hasemi uongo. Akisema, msiba huingia nyumbani kwake, uanze na mifugo, umalizie kwa watoto.

Kaburi lenyewe lilikuwa mduara wa masale, ukubwa wake kama zizi dogo, kwenye kona ya juu ya kihamba cha Babu, yaani shamba la urithi wa ukoo, pale migomba na mibuni inapokutana na barabara. Ndani hapakuwa na jiwe wala msalaba, udongo tu uliofagiwa ukang'aa. Ubavuni mwa mduara ilisimama nyumba ya vyumba viwili ya Shangazi. Babu alikuwa ameweka amri: mle jembe haliingii, na mlinzi wa Mangi hahamishwi mpaka afe. Mlinzi alikuwa Shangazi.

Shangazi Ndeshi alikuwa dada yake Baba. Aliolewa ng'ambo ya mto, halafu siku moja, kabla mimi sijazaliwa, akarudi na godoro kichwani na mdomo umevimba. Haya niliyasikia kwa Mama, vipande vipande, wakati wa kumenya ndizi. Kihamba kwetu ni cha watoto wa kiume. Binti akirudi nyumbani hupewa uji, hupewa pole, kisha huulizwa anarudi lini kwa mumewe. Shangazi hakurudi, na mimi sikuwahi kujiuliza aliwezaje.

Nilimpenda kuliko nilivyompenda mtu yeyote, na Mama anisamehe. Nikitoka shule nilipitia kwake, ananipa fagio dogo, tunafagia pamoja, yeye akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya pua. Kila tulipomaliza nilimwachia Mangi ndizi mbivu katikati ya mduara. Kesho yake nilikuta ganda. Nilimkimbilia Shangazi kumpa habari, naye alifuta mdomo kwa kanga, akasema kwa uso mkavu, "Anasema kesho ulete mbili."

Aliyeniharibia raha ile alikuwa mwalimu wetu wa historia. Nilinyoosha mkono nikataka kujua tutamsoma lini Mangi Kisaroi. Alipekua kitabu, akakifunga. "Huyo hayumo kwenye silabasi," alisema. "Na huko chini Usa River kuna ukoo unasema kaburi lake liko kwao, na wengine kule juu msituni nao wanalo. Mtu mmoja anazikwaje vijiji vitatu?" Darasa zima lilicheka. Nilifika nyumbani nimevimba kwa hasira, nikamkuta Babu anakagua kahawa iliyoanikwa, nikamuuliza moja kwa moja kama Mangi alikuwepo au hakuwepo.

Babu alichagua punje moja mbaya, akaitupa. "Lisemwalo lipo," alisema, "na kama halipo, laja." Kisha akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Niliona amenijibu vizuri kabisa.

Mvua za mwaka ule zilipoanza, Babu akafa. Tulipoanua tanga, Baba Mkubwa, kaka yake Baba, hakurudi Ngaramtoni kwenye duka lake la mahindi na maharage kama tulivyozoea. Alibaki, akizunguka kihamba huku mikono ameifunga mgongoni. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na moyo usio mbaya, nataka hilo mlijue, kwa sababu nilimchukia miaka mingi bila haki. Alikuwa na vijana wakubwa wasio na pa kujenga. Kona ya juu, penye barabara, ndiyo iliyobaki.

Ukoo ukaitwa Jumamosi. Wazee walikaa kwenye mabenchi yaliyokopwa kanisani, pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi, likafunikwa kwa majani ya migomba, na sisi watoto tukajibanza nyuma ya mtungi wa maji. Baba Mkubwa alisimama. "Wazee wangu, shikamooni. Mimi sina ugomvi na dada yangu. Nauliza tu. Mimi ni mtoto wa kwanza wa nyumba hii, na nilipoondoka kwenda kutafuta maisha Ngaramtoni, kona ile ilikuwa na maboga. Narudi, naambiwa kuna mfalme. Mfalme gani huyu aliyekufa nikiwa sokoni? Wanangu wakajenge wapi, juu ya mti?"

Watu walicheka, na kicheko kile kilinitisha kuliko maneno yenyewe. Mzee wa ukoo, babu mmoja mkavu aliyevaa koti la mvua hata kwenye jua, hakucheka. Alimtuma mtu mduarani kukata jani la sale, akamkabidhi Shangazi.

"Ndeshi, mwanangu. Je, pale amelala Mangi?"

Niliomba Mungu aseme ndiyo. Neno moja tu. Lakini Shangazi alikuwa mwanamke ambaye alirudisha chenji iliyozidi hata akiwa na njaa.

"Baba alinionyesha mahali," alisema, "akaniambia nipafagie. Sikumuuliza aliyelala ni nani."

"Mmesikia," alisema Baba Mkubwa, na sauti yake haikuwa hata na ushindi. "Hata mlinzi hajui anamlinda nani."

Shangazi alikaa chini akafunika miguu kwa kanga. Nilikuwa mtoto, lakini niliona kwa macho yangu kwamba amekwisha. Mzee wa ukoo alipokea jani, akauliza kama kuna mwingine wa nyumba ile mwenye la kusema. Ndipo Baba akainuka.

Baba yangu alikuwa mpole, mtu wa kuongea na ng'ombe wake kuliko na watu, na sikuwahi kumsikia akisema mbele ya kikao. Alilipokea jani kwa mikono miwili. Likatetemeka. Nilidhani ni upepo.

"Pale amelala Mangi Kisaroi," alisema. "Mimi nilikuwa nyumbani. Baba alinionyesha."

Ikawa hivyo. Hakuna mtu angebishana na sale. Baba Mkubwa alimtazama mdogo wake kitambo, akaweka chini mbege yake bila kuionja, akaondoka. Shangazi alilia kimya kimya, na mimi nilitamani Jumatatu ifike nikamwambie mwalimu kwamba silabasi yake imekosea. Mangi alikuwepo. Baba alikuwa ameapa, na Baba hakuwa mwongo.

Kilichofuata sikukielewa. Baba aliacha kwenda kule juu. Maziwa ya Shangazi yalipelekwa na mimi. Mbuzi wa jirani alipomaliza mboga zetu na jirani akaja na jani la sale kuomba radhi, Baba aliificha mikono mfukoni, akasema, "Mpe Mama Upendo apokee." Upendo ni mimi. Ndama akifa, alikaa zizini mpaka Mama amfuate. Na mdogo wangu alipopata homa kali akalazwa, Baba hakuingia wodini. Alikaa nje kwenye ukingo wa simenti, akitetemeka kuliko mgonjwa, na kila muuguzi aliyefungua mlango alimfanya ainuke. Mdogo wangu alipona. Baba hakupona. Nilifikiri anamwogopa Mangi, nikaona ni sawa, mfalme ni wa kuogopwa.

Miaka ikapita kama inavyopita. Nikaolewa, nikapata kazi mjini, Mama akatangulia mbele za haki, na Baba alipoanza kuugua nilimleta kwangu hapa Themi ili awe karibu na hospitali. Mchana mmoja tulikuwa barazani, namkatia papai. Jirani alikuwa anafagia. Baba alisikiliza, halafu akasema, bila utangulizi wowote, "Yale masale niliyapanda mimi."

Niliweka kisu chini.

"Mimi na Babu yako. Wiki ile Ndeshi alivyorudi. Tulichimbua maboga, tukachukua miche kule mtoni. Nikamuuliza, Baba, tunazungushia nini? Akaniambia, tunamzungushia dada yako."

"Na Mangi?"

"Mangi nimemsikia kama wewe ulivyomsikia." "Upendo, mimi niliweka nyie watoto mbele ya uongo wangu. Nilijua ninachofanya. Ndama akifa nilikuwa nahesabu: hao ni mifugo, sasa wanakuja watoto. Yule mdogo wako alivyolazwa, nilikuwa nishamzika moyoni."

Nililia, siwezi kuwaficha. Nilimlilia yeye, na nilimkasirikia pia, maana nani alimpa ruhusa kutuweka rehani? Halafu nilimkumbuka Shangazi akiwa amefunika miguu kwa kanga, na hasira ikakosa pa kukaa.

Aliniomba jambo moja. Asizikwe karibu na Babu na Mama. Azikwe ndani ya mduara. "Niliapa pale amelala mtu," alisema. "Mangi siwezi kumleta. Mtu naweza."

Siku ya mazishi Baba Mkubwa alikuja kutoka Ngaramtoni, mzee sasa, akiegemea fimbo. Hakuwa amekanyaga kona ile tangu kikao. Vijana wake ndio walioshika makoleo, na yeye akasimama ukingoni kabisa mwa shimo, macho yakifuata kila koleo lililopanda. Nilijua anatafuta nini. Nilisimama karibu naye. Ulitoka udongo mweusi, yakatoka mawe ya mlima, na kwa chini kidogo udongo mwekundu ambao haukuwahi kuguswa na mtu. Hapakuwa na mfupa, wala kipande cha chungu.

Ukoo mzima ulikuwa umetuzunguka. Shangazi alikuwa ameketi mkekani na fagio lake mapajani. Baba Mkubwa alinyanyua uso akamtazama dada yake, kisha akalitazama jeneza la mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimnyima salamu miaka yote ile. Akagonga fimbo chini.

"Nyie vijana," alisema kwa ile sauti yake kubwa, wote wasikie. "Pindisheni shimo upande wa huku. Msimsogelee Mangi."

Vijana wakapindisha.

Nimefikiri sana tangu siku ile. Utotoni nilidhani kikao kile kilikuwa kinauliza kuhusu mfalme, na kwamba ukweli ulishinda. Sasa najua hakuna aliyeuliza kuhusu mfalme, na sijui ni kitu gani kilichoshinda. Najua tu kwamba baba yangu alikilipia, na bado kuna alfajiri nyingine naliona lile jani likitetemeka mikononi mwake, wala upepo haukuwepo.

Shangazi bado yuko, amepinda mgongo lakini mikono mizima. Huanza kufagia upande wa Mangi, akimaliza ndipo anahamia kwa kaka yake. Krismasi iliyopita tulikuwa tunafagia pamoja, nikajikaza nikamuuliza lile ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza tena tangu siku ya sale.

"Shangazi, hivi kweli Mangi alikuwepo?"

Hakusimamisha fagio. "Kama hakuwepo, mama," alisema, "miaka yote hii mimi nimekaa kwa nani?"