Dakika za Nyongeza za Baba

Mwezi uliopita nilikuwa napita nyuma ya soko la Sumbawanga, nikakutana na harufu ya pombe ya ulezi inayoumuka, kali kidogo, tamu kidogo. Mimi si mnywaji, msinielewe vibaya. Lakini nilisimama pale mpaka mama mwenye mtungi akaniuliza kama nataka kikombe. Nikamwambia hapana, nimemkumbuka baba tu. Alinitazama kwa huruma, nadhani alidhani baba alikuwa mlevi.

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi kijiji kimoja cha mwendo wa saa moja kwa mguu kutoka Laela. Mwaka huo baba alianguka kutoka kwenye paa alipokuwa akiezeka, akavunjika mguu, kazi zote za shamba zikamwelemea mama. Baba, mtu asiyejua kukaa, akawa wa kukaa mkekani mbele ya nyumba, mguu umenyooshwa, redio pembeni. Akimwona mama anarudi na mzigo kichwani alikuwa anageuza uso. Aliona aibu, na mimi nilidhani mguu unamuuma.

Kwetu ulezi haupurwi na mtu mmoja. Unapika pombe, majirani wanakuja na fimbo zao, mnapura pamoja, kazi ikiisha mnakunywa. Hakuna pombe, hakuna watu. Mama alipika akihesabu iwe tayari Ijumaa, lakini baridi ya Juni ya Ufipa haina adabu, ikaichelewesha. Ijumaa asubuhi aliionja akatikisa kichwa.

"Bado," alisema. "Mpaka kesho."

Baba akaguna. Kesho ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi saa nane na nusu mchana Senegali walikuwa wanacheza na Uturuki, robo fainali ya Kombe la Dunia. Lile kombe lilichezwa Korea na Japani, ndiyo maana mechi zilituangukia mchana kweupe. Timu nyingine za Afrika zilishatoka, wamebaki wao tu, na hatua ile haina sare: ukifungwa unarudi kwenu. Wanaume wa kijiji walishapanga kwenda Laela kwenye televisheni ya mwenye duka mmoja karibu na stendi. Jumapili hakuna anayepura. Jumatatu pombe ingekuwa imechacha, na ng'ombe walikuwa wameshaachiwa mashambani, kila siku wanatupunguzia lundo letu la masuke. Ulezi ule ndio uliokuwa chakula chetu mpaka mavuno mengine. Mama aliingia jikoni akakaa huko muda mrefu.

Ndipo baba akanituma kwa Bwana Fulgensi, jirani yetu, ambaye wenzake walimfuata kwa kila jambo.

"Mwambie redio yangu ina betri mpya. Waje wapure huku wanasikiliza."

Betri mpya! Zilikuwa zimeanikwa juani siku mbili ili zipate nguvu kidogo. Lakini nilitoa shikamoo yangu, nikasema kama nilivyotumwa. Bwana Fulgensi akacheka. "Huyo baba yako ana mambo. Haya, mwambie tutakuja."

Wakaja kweli. Baba akawaambia sauti ataiweka chini betri zisiishe, yeye atasikiliza na kuwatangazia. Nami nikakaa nimemwegemea. Jamani, baba alijua kutangaza. Senegali wakishambulia, fimbo zinapiga haraka, vumbi linapanda. Uturuki wakipata mpira, fimbo zinalegea. Mama aliligundua hilo mapema, akaniinamia sikioni: "Mwambie baba yako Senegali washambulie zaidi."

Dakika tisini zikaisha bila bao. Baba akaeleza kwamba sasa ni dakika za nyongeza, na atakayefunga kwanza ameshinda, mpira unaishia hapo hapo. Kwenye uwanja wa kupuria lilikuwa limebaki lundo la kunifika kifuani.

Haikuchukua muda nikasikia sauti ya mtangazaji inapanda, halafu makelele marefu. Mkono wa baba ulishuka na redio. Akatazama lile lundo. Akarudisha redio sikioni.

"Kipa wa Senegali amedaka," akasema. "Anautupa mbele."

Nikamvuta shati. "Baba, wamesema bao."

Akanibana goti. "Limekataliwa. Tulia, mwanangu, nisikie."

Msinicheke, niliamini. Baba akaendelea. Senegali wakapata kona, wakapata nyingine, mpira ukagonga mwamba, watu wakashika vichwa kisha wakarudia fimbo kwa hasira. Kile kipindi kilikuwa kitamu kuliko mechi yote. Suke la mwisho lilipopurwa, mama aliinua ungo akasema imetosha, Mungu awabariki. Baba akaomba maji, akanywa taratibu.

"Jamani," akasema, "tumefungwa."

Bwana Fulgensi alikaa chini kwenye makapi. Mama akaleta pombe, wakainywa kama watu waliotoka kuzika.

Kesho yake baada ya ibada, wachache waliokwenda Laela wakasema ukweli: bao liliingia dakika ya nne tu ya nyongeza. Mchana nikamwona Bwana Fulgensi anakuja kwetu. Baba akajiweka sawa mkekani, tayari kusemwa. Mgeni akakaa.

"Baba Skola," akasema, akimwita kwa jina langu, "ule mpira uliogonga mwamba ulipigwa na nani?"

"Sikumwona vizuri. Vumbi lilikuwa jingi."

Walicheka mpaka baba akaushika mguu wake kwa maumivu.

Mimi nilibaki na swali moja tu, kama baba atalitaja lile jambo kwa padri siku ya kitubio. Ilinichukua miaka mingi, na watoto wangu mwenyewe, kuelewa lililokuwa limetokea pale. Hakuna mtu kijijini aliyewapenda Senegali kumshinda baba. Alipolisikia lile bao alikuwa na haki ya kuitupa redio na kuhuzunika na wenzake. Badala yake alitangaza karibu nusu saa mashambulizi ya timu iliyokwisha kutoka, uso mkunjufu, sauti imejaa matumaini, na yeye peke yake ndiye aliyejua tumefungwa. Muda wote ule macho yake yalikuwa kwa mama.