Sala ya Vyumba Vinne

Nyumbani kwetu mtu anaweza kufa kwa sababu ya adabu. Naandika nikiwa bado na hasira, na sitaki kungoja zipoe, maana zikipoa nitaandika uongo mzuri.

Dada yangu aliacha shule darasa la saba ili karo initoshe mimi, na tangu hapo ndiye mchuma chai wa nyumba yetu. Shamba letu liko bondeni, kituo cha kupimia majani kiko juu kabisa, na njia inayopanda huko imesimama kama ukuta. Dada alikuwa akipumzika kwenye jiwe la kwanza, kisha kwenye mkaratusi, kisha popote pale. Wanawake waliompita na vikapu vyao hawakumwacha hivi hivi.

"Injini imechemka tena," mmoja angesema. "Mtilieni maji."

"Maji ya nini? Huyo anataka dereva."

Dada alicheka nao, mkono mmoja kifuani. Mimi kucheka kwake kuliniudhi kuliko maneno yao.

Baba hakucheka. Baba ni mzee wa kanisa na maneno yake ni machache. Jioni moja, akiutazama ugali, alisema, "Kuna watu humu wanaochukia kazi." Dada akanawa mikono kabla ya kushiba. Mama yetu alifariki zamani, hivyo hapakuwa na mtu wa kumtetea isipokuwa mimi, na mimi ni yule msichana ambaye mwalimu akimwita asimame husahau jina lake.

Likizo ya Agosti dada alizirai palepale kituoni, majani yote yakamwagika. Baba akatupeleka hospitali ya misheni, akakaa nje kwenye benchi. Asingeweza kuingia. Sisi tuna chinsoni, ile heshima yenye aibu ndani yake, ambayo kwayo baba na binti hawatajiani mambo ya mwili, wala baba hawezi kuwa chumbani binti akifungua vifungo vya blauzi. Kukaa kwake nje sina ugomvi nako. Ugomvi wangu ni kilichofuata.

Daktari alikuwa Mzungu asiyejua Kiswahili wala Ekegusii, lugha yetu, na dada Kiingereza alikiacha darasani. Mkalimani nikawa mimi. Daktari alisikiliza kifua cha dada muda mrefu, kisha akanivika kile chombo masikioni. Shuleni tulifundishwa kwamba moyo hupiga mapigo mawili yanayofuatana, lub-dup, kama mtu anayegonga mlango kwa heshima. Wa dada haukuwa hivyo. Kati ya pigo la kwanza na la pili palikuwa na mvumo, shhh, kama maji yanayopenya chini ya mlango.

"Utotoni aliwahi kuvimba magoti," daktari aliuliza, "baada ya kuumwa koo?"

Nikamtafsiria dada. Akakumbuka koo, akakumbuka magoti, kisha viwiko. Wakati ule sisi tulisema yanauma kwa kuwa anarefuka.

Kumbe ugonjwa ule wa koo ulikuwa umeshuka hadi moyoni, ukamharibia mlango mmoja upande wa kushoto. Mlango huo hutakiwa kufunguka upande mmoja tu, damu iliyotoka mapafuni ishuke chumba cha chini, kisha isukumwe kwenye mshipa mkuu iende mwilini. Wa dada haufungi sawasawa. Moyo ukisukuma, damu nyingine hurudi ilikotoka, mapafu yanalemewa, na yeye anakosa pumzi. Hapakuwa na uvivu hapo hata chembe. Daktari akasema asipande tena mlima na mzigo, achomwe sindano kila mwezi ili koo lile lisirudi, na siku akiolewa amwone daktari kabla ya kufikiria watoto.

Tulipotoka, baba aliuliza akitazama viatu vyake, "Wamesemaje?"

Maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya mwili. Kifua. Damu. Kuzaa. Nikasema, "Wamempa dawa, Tata."

"Vizuri. Basi Jumatatu atachuma."

Nilimfuata nyanya jikoni, kwa maana bibi na mjukuu wanaruhusiwa kusema lolote. Yeye huniita mke mwenza. Nikamwambia moyo wa dada una mlango usiofunga.

"Mke mwenzangu, wangu nao haukuwahi kufunga," akasema akichochea moto. "Babu yako aliingia vipi?"

"Magokoro, sifanyi mzaha. Mwambie Tata."

Akaacha kuchochea. "Nimwambie mwanangu habari za kifua cha binti yake? Na kuzaa? Wewe aibu yako kwake ni ya mtoto. Yangu ni ya mama. Mimi siwezi kabisa."

Basi watu wazima wawili, wote wanampenda, na hakuna mdomo hata mmoja wa kumwokoa. Jumatatu dada akabeba kikapu. Nilijaribu kumpokea njiani, akanisukuma.

"Wewe toka. Ukichubua hiyo mikono ya kalamu, Tata atasema nimekutuma."

Alifika juu midomo ikiwa na rangi ya zambarau. Wale wanawake wakasema injini leo imetoa moshi.

Jioni hiyo tulipiga magoti kwa ibada kama kawaida. Kwetu kila mmoja huomba kwa zamu na baba hufunga. Sala yangu ni fupi sana, nyanya huiita sala ya kuku anayekunywa maji. Macho yote yalikuwa yamefumbwa. Zamu yangu ilipofika niligundua kitu ambacho sijui kwa nini sikukiona mapema: kwetu hakuna anayethubutu kumkatiza mtu anayesema na Mungu.

"Baba wa mbinguni," nikasema, "wewe uliumba moyo wenye vyumba vinne."

Biolojia tunafundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno ya Ekegusii niliyatafuta kama anayetafuta kiberiti gizani. Nikamweleza Mungu vyumba vya juu na vya chini, damu inayoenda mapafuni na inayoenda mwilini, na ule mlango wa kushoto. Nikamweleza magoti tuliyosema yanauma kwa kurefuka. Nikamwambia daktari amekataza kikapu, akaagiza sindano. Nikasema kifua. Nikasema kuzaa, na nyanya akakohoa. Sauti yangu ilikuwa kubwa, sikuijua.

"Na wale wanaomwita mvivu uwasamehe wewe, kwa maana mimi sijawasamehe. Amina."

Hakuna aliyeitikia. Kisha baba akaomba kwa sauti ya chini.

"Bwana, umesikia. Nami nimesikia. Sikuwa nimeambiwa. Kikapu kile kina mtu wa kukibeba. Amina."

Akainuka akatoka bila kumtazama yeyote.

"Leo kuku amekunywa mto mzima," nyanya akanong'ona.

Asubuhi baba alisimama mlangoni, mgongo kwetu, akauliza kikapu kiko wapi. Dada akakileta, akageuka ili baba amsaidie kukipandisha mgongoni mwake kama siku zote. Baba akakichukua kutoka mikononi mwake, akakivaa mwenyewe, mwanamume mzima, mzee wa kanisa, akashuka shambani. Neno moja hakumwambia. Hata "pole" hakusema. Nilitaka kumkimbilia nimwambie hivyo vyumba vinne ni vya binti yake, si vya Mungu peke yake.

Dada alibaki amesimama, mikono bado mbele.

"Umeniaibisha," akaniambia.

"Najua."

Akatazama njia hadi baba alipofichwa na migomba.

"Hiyo sindano," akasema, "wanachoma wapi?"